Foleni ya Kumshika Mkono

Ili amshike mkono mtoto aliyemzaa mwenyewe, Dative alipanga foleni tangu asubuhi kama mashabiki wengine, kwenye ukumbi mmoja karibu na ziwa, katikati ya Toronto.

Wasichana waliomtangulia walibeba picha za mtoto huyo, Destin, zilizobandikwa kwenye vijiti. Wao walimwita Rei. Ndilo jina alilopewa na kampuni ya Tokyo iliyomchukua akiwa na miaka kumi na mitatu, ikamfundisha kuimba, kuinama, kula kidogo na kutabasamu hata akiwa na homa. Kampuni haikutaka ijulikane kwamba ana mama. Kijana wa jukwaani, walisema, ni wa kila msichana anayenunua tiketi.

"Mama, na wewe unampenda Rei?" mmoja aliuliza huku akicheka.

"Sana," Dative akajibu.

"Waambie wewe ni nani, wazimie hapa hapa," alinong'ona Amandine, mwenzake wa kwaya, aliyewaleta kwa gari kutoka mtaani kwao Rexdale.

Iteka, mdogo wa kiume wa Destin, alisimama kati yao na begi kubwa mgongoni. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa upya.

"Sasa mtoto umembebesha mlima wote huu wa nini, Mama Destin?" Amandine aliuliza.

"Nguo."

"Umefanya vizuri. Destin hawezi kutoka humu na yale mavazi yao ya kumetameta, tutafuatwa mpaka nyumbani."

Foleni ilisogea. Dative akasogea nayo.

Mwezi uliopita Destin alikuwa amepiga simu akilia. Hakueleza kitu. Alirudia tu kwamba yuko peke yake, yuko peke yake. Hakuwahi kulia hivyo, hata miaka ile alipokaa nyumbani kwa Mzee, mwenye kampuni, aliyependa kuwalea mwenyewe wavulana wapya. Siku hizo Dative alijisifu kanisani kwamba mwanawe anakula meza moja na tajiri. Destin alipokuja likizo, alishtuka kila alipoguswa bega, na kabla ya kulala aliegemeza kiti mlangoni. Dative akadhani ni uchovu wa mazoezi.

"Yule mzee simpendi," Amandine alisema. "Mtu mzima, hana mke, nyumba imejaa watoto wa wenzake."

"Acha hizo, dada. Amewalea."

"Haya. Mimi nimesema tu."

Lakini kilio kile Dative alikijua. Alipokuwa msichana alitolewa Bujumbura akapelekwa Uvira kwa shangazi yake, akalia hivyo hivyo kila jioni, hadi baba yake alipofunga safari na kuvuka mpaka. Tangu siku ile hakulia tena.

"Na hao watu watakubali?" Amandine aliuliza.

"Wameshakubali. Mzee mwenyewe alinipigia."

"Hivi hivi? Hawakudai kitu?"

"Picha yetu ya Noeli tu, ile niliyopiga na Iteka."

Amandine alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti, wasichana wakageuka kumtazama. "Basi ukimshika, usimwachie. Gari nimeliegesha hapo chini."

Walifika mbele. Nyuma ya meza Destin alikuwa mwembamba kuliko picha zake. Kila shabiki alishikwa kwa mikono miwili, akatazamwa machoni, kisha mlinzi akamgusa mgongo ili ampishe mwingine. Zamu ya Dative ilipofika, tabasamu la kijana halikubadilika. Lakini aliibana mikono ya mama yake kwa nguvu.

"Asante kwa kuja," alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika. Kisha akainama, midomo haisogei, akaongeza kwa Kiswahili: "Mama. Umekuja kweli."

"Nilikusikia, mwanangu. Najua kinachokuliza."

"Unajua?" Macho yalimjaa machozi. "Mama, unajua kila kitu?"

"Najua. Kilinipata na mimi kule Uvira."

Destin alimtazama kama mtu aliyetupiwa kamba ndani ya kisima. Mlinzi alimgusa Dative mgongo. Dative hakuondoka. Alimvuta Iteka mbele, akautia mkono wake mdogo katika mikono ya kaka yake.

"Babu yako aliniletea mdogo wangu tuishi wote, nikanyamaza," alisema. "Na wewe hutakuwa peke yako tena. Iteka anaondoka nanyi kesho. Mzee ameshamtengea chumba nyumbani kwake."