Mama wa Insha

Kwa mara ya nne Mwanatumu alimsomea dada yake hadithi aliyokuwa akiiandika juu ya mama yao, aliyezikwa mwezi uliopita. Alihofu kwamba asipomwandika sasa, atamsahau.

"Mama alikuwa mzuri kama hurulaini," alisoma, "meno yake meupe kama theluji..."

"Theluji umeiona wapi wewe?" Saumu aliuliza, akiendelea kuchambua mchele. "Na huyo mwanamke ni nani? Mimi simjui."

"Ni mama."

"Huyo mama wa insha. Mwalimu angekupa alama zote. Mama yetu alikuwa na pengo."

Mwanatumu alikuwa amechoka hata asiweze kukasirika. Maneno hayo alikaririshwa shuleni, na kila aliposhika kalamu yalitangulia yenyewe. Aliukata ukurasa mzima kwa mstari mmoja. Kisha akaandika polepole, akijisomea kwa sauti ndogo:

"Mama alionja mchuzi kwenye kiganja, akaigombeza chumvi kama mtoto aliyechelewa kutoka dukani."

Alisubiri kuchekwa. Saumu hakucheka.

"Endelea," alisema, na kiganja chake kilikuwa kimefunguka juu ya ungo.