Kikombe Juu ya Cheti

Fundi mkuu aliweka kikombe chake cha chai juu ya cheti changu, akanisogezea kompyuta iliyokufa na bisibisi.

“Hiki hakishiki bisibisi, binti. Hebu itengeneze nione.”

Miezi saba nilisoma kozi ya ufundi mtandaoni, kwa simu ya shangazi yenye kioo kilichopasuka. Kompyuta nilizijua kwa picha tu. Mwombaji kazi aliyenitangulia alikuwa amefungua skrubu zote, akatoka ameinamisha kichwa.

Nikashika bisibisi. Alama ya chai ilikuwa inatambaa kuelekea jina langu.

Nikalikumbuka somo la kwanza kabisa. Nikaiweka bisibisi chini.

“Samahani, mzee. Kabla sijaigusa, nani alikuwa anaitumia, na ilizimikaje?”

Alinitazama. Kisha akainua kikombe, akakifuta cheti kwa mkono wa shati lake.