Bomba Ni Langu

Kwa siku tatu Mwalimu alikuwa akifundishwa neno moja tu, na kila alipolisema macho yalimkimbia.

"Ghafla," alisema.

"Unalitamka kama mtu anayeomba radhi, shemeji. Lirudie."

Aliyemfundisha alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, aliyejiita mtaalamu wa bima kwa sababu aliwahi kufanya kazi katika kampuni ya bima, ingawa kazi yenyewe ilikuwa kupika chai. Miwani puani, mkataba wa bima ya nyumba mkononi, alimsomea yale maandishi madogo kama anayesoma wosia. Bima inalipa bomba la mwenye nyumba. Inalipa likipasuka ghafla. Hailipi bomba linalovuja polepole, wala bomba la watu wote.

Taabu ni kwamba ukweli ulikuwa umekaa upande mbaya wa kila sentensi. Bomba lililoharibu jiko la Mwalimu lilipita tu ukutani kwake likipanda ghorofa za juu; lilikuwa mali ya jengo zima. Wala halikupasuka. Lilidondosha tone baada ya tone, miezi minane, ndani ya sufuria aliyoimwaga asubuhi na jioni, huku wasimamizi wa jengo wakimjibu kwamba fundi yuko njiani. Njia hiyo lazima ilikuwa ndefu. Wiki iliyopita kabati liling'oka na kipande cha ukuta, vigae vikainuka, na tangu hapo Mwalimu anachemshia chai yake bafuni, juu ya stuli.

Bima ikikataa, hana jiko. Na asipokuwa na jiko, binti yake keshasema: mama ahamie kwake, alale sebuleni, kwenye kochi lililo mbele ya televisheni ya mkwe. Mwalimu hakutaka kuzeekea kwenye mpira wa miguu.

"Mambo matatu," shemeji alihesabu kwa vidole. "Bomba ni lako. Limepasuka ghafla. Maji yalikuwa mengi. Basi."

"Miaka thelathini na mmoja nimewasimamisha watoto ukutani kwa kusema uongo."

"Wewe una bahati, shemeji. Hata ukuta wa kusimamishwa huna."

Mlango ukagongwa.

Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, faili kwapani. "Habari za asubuhi. Natoka bima, nimekuja kuhusu yale maji ya..."

"Karibu, karibu ndani," shemeji alimdaka kabla hajamaliza, akamsogezea kiti. "Tumekungoja mpaka shingo zimerefuka."

Mgeni akakaa, akafungua faili, akabonyeza kalamu. Alikuwa na sauti ya upole, na hilo lilimuumiza Mwalimu zaidi. Mkali angekuwa rahisi kumdanganya.

"Mama, hilo bomba ni la nani?"

"Langu."

"Lako peke yako? Si la jengo?"

"Langu peke yangu. Nimelinunua pamoja na nyumba."

"Lilianza kuvuja lini?"

"Halikuvuja. Lilipasuka." Kisha neno likatoka, zuri, limenyooka, halina radhi hata kidogo. "Ghafla."

Nyuma ya mgeni, shemeji alifumba macho kama baba anayemwona mwanawe akipokea cheti.

Mwalimu akagundua kwamba uongo ni kama kuoga maji ya baridi: kopo la kwanza ndilo linalouma. Alieleza mlio wa bomba. Alieleza alivyokimbia na ndoo. Alieleza maji yalivyomfika magotini, na shemeji, asiyetaka kubaki nyuma, akaongeza kwamba yeye yalimfika kiunoni, japo siku hiyo hakuwepo.

"Yote hayo yakaenda wapi?" mgeni aliuliza.

"Chini. Yatakwenda wapi tena?"

"Kwenye duka la vitambaa?"

"Yaliingia kama yamealikwa," alisema Mwalimu. Kwa kweli duka lililo chini yake lilipata alama ya unyevu kwenye dari, upana wa sahani. "Majora yote yaliloa. Yule mama mwenye duka alilia, maskini."

"Uliona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu haya."

Kalamu ilikimbia. Mgeni hakuwa ameomba kuona jiko, wala hakugeuza hata shingo kuelekea mlango wake. Mwalimu alidhani anajua kwa nini: mtu huyu amesikia anaitwa Mwalimu, na neno la mwalimu limemtosha. Aibu ikamchoma. Karibu aseme kila kitu, sufuria na miezi minane. Akaliona kochi la mkwe, akauacha uongo usimame.

"Naomba uandike hapa chini, kwa mkono wako," mgeni alisema, "kwamba bomba ni lako na kwamba maji yalitoka kwako."

Aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi za duara, zisizo na shaka. Akatia saini. Shemeji naye akatia saini kama shahidi, akapigia mstari jina lake mara mbili.

"Sasa fundi anakuja lini kutengeneza jiko?" Mwalimu aliuliza.

"Jiko?" Mgeni alifunga faili, akasimama, akampa mkono kwa heshima zote. "Hayo utazungumza na watu wa bima yako, mama, nadhani watakuja. Mimi natoka bima ya lile duka la chini. Wiki nzima tulikuwa tukijiandaa kuwadai wasimamizi wa jengo."