Mchumba Mwenye Maswali

Mwamini alirudia kuosha miguu. Hakukumbuka kama alianza na wa kuume, na mchumba alikuwa ameshaketi sebuleni.

Mwaka ule wa mauaji, Maman Zaituni wa Bugarama alimvika mtandio, akawaapia wauaji mlangoni kwamba huyu ni mtoto wa dada yake, Mwislamu wa kuzaliwa. Akamfundisha swala haraka haraka, kabla hawajarudi. Tangu hapo Mwamini husimama nyuma yake. Maman akiinama, naye anainama. Midomo ya Maman ikitikisika, na yake inatikisika. Maman akaona, akajua mtoto ameshika. Kumbe midomo ile haikusoma kitu.

Na leo Sadi, muuza vitenge aliyelelewa na mzee mmoja wa Bukavu, alitaka wazungumze habari za dini kabla ya ndoa. Sadi akigundua, Maman ataitwa mwongo mtaa mzima. Naye Mwamini atakwenda wapi? Kwao Gashonga hakubaki mtu.

Sadi alikaa ukingoni mwa kiti, kanzu ikimpita miguu. Nyuma ya pazia, Maman Zaituni alikuwa anakoroga maharage, masikio yote sebuleni.

"Dada Mwamini, kutawaza we unaanzaka na nini?"

"Mikono." Mwamini akahesabu kwa vidole. "Halafu mudomo. Halafu pua."

"Ya kuume mbele?"

"Ya kuume."

Sadi akatikisa kichwa polepole, kama mwalimu anayeweka alama.

"Na mu Ramazani, mutu akisahau akakunywa maji, hapa kwenu anafanyaka nini?"

Mwamini akakumbuka siku Maman mwenyewe alipojisahau akanywa, kisha akajicheka. "Anaendelea tu kufunga. Ni Mungu amemunywesha."

Sadi akajipangusa jasho. "Minapenda mwanamuke mwenye kujua. Mu nyumba, mumoja akijua, mwengine atamufwata."

Mwamini alisikia maneno hayo kama kufuli inayofungwa.

"Kitendawili," Maman akasema nyuma ya pazia. "Hakina meno, na kinakutoa jasho."

Mwamini akakunja ncha ya mtandio.

"Swali, batoto wangu. Ni swali. Muko baridi kama ugali wa jana."

Hapo adhana ya alasiri ikaita. Mwamini akaomba moyoni mgeni aage aende msikitini. Sadi hakuinuka.

"Msikiti iko mbali," Maman akasema. "Sadi, muswalishe hapo hapo. Mie nitaswali baadaye, maharage yataungua."

Mwamini akatandika mkeka; Sadi akautazama mara mbili, kisha akasimama mbele. Mwamini akasimama nyuma yake. Afadhali alasiri, alifikiri, inaswaliwa kimya. Huenda asigundue.

Sadi akainua mikono. Ng'ambo ya mto, upande wa Kamanyola, bunduki zilikuwa zimelia tangu asubuhi, watu wameshazizoea. Lakini huu ulikuwa mzinga. Mabati yalitetemeka, vumbi likawaangukia.

Sadi aliruka. Mkono wake wa kuume ukaenda wenyewe: paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kuume. Akageuka upesi, macho yamemtoka, kuangalia kama ameonekana.

Mkono wa Mwamini nao ulikuwa bado uko kwenye bega lake la kuume.