Breki ya Asubuhi

Tulikuwa tumeshaondoka, gari letu kuukuu linateremka mlima, na shemeji yangu kiti cha nyuma bado ananung'unika.

"Dada, ungechukua zile pedi za breki za magari ya mashindano. Hizi ni za bibi kizee!"

"Zile zikiwa baridi hazishiki," mke wangu akamjibu, mikono kwenye usukani. "Mimi nataka za kushika mara ya kwanza, asubuhi kama hii."

Baada ya kona, lori limeharibika katikati ya barabara.

Akakanyaga breki. Kandambili yake ikajikunja kwenye pedali. Gari likainamisha pua, likasimama. Kati yetu na lori ungepitisha kiganja.

"Bibi kizee anakusalimu," akamwambia mdogo wake.

Lori lilivutwa mchana. Baadaye shemeji alinunua gari lake, pedi akachaguliwa na dada yake. Letu bado linatembea.