Hatua ya Nne

"Hiyo nyumba ina malaria," Mbuvi alisema, akisukuma kiti nyuma. "Mama Kathini, nani hushika simu akitetemeka hivyo?"

Wanza akaisimamisha video aliyomtengenezea kwa kompyuta. Kwenye skrini ilisimama nyumba ya vyumba vitatu, mabati mekundu, madirisha ya vioo, hata kuku wawili uani. Hakukuwa na nyumba nzuri kama hiyo Kitui nzima, na ilikuwa na kasoro moja tu: haikuwepo. Pale ambapo ingesimama palikuwa na kunde, na shimo la msingi ambalo Mbuvi alilichimba wikendi mbili akachoka.

"Asubuhi ulilia kamera inateleza kama malaika anapita," Wanza alisema. "Nimeiambia kompyuta itingishe, sasa unalia malaria."

"Inatingisha ovyo. Mtu hatembei ovyo hivyo. Ndunge atajua tu."

Ndunge alikuwa Doha, mwaka wa pili sasa, akilea watoto wa watu. Alikuwa amesema atamkubali Mbuvi siku atakayoiona nyumba kwa macho yake. Naye Mbuvi, muuza misumari na saruji kwenye hadwea moja pale Kawangware 56, alikuwa amemwambia tangu Krismasi kwamba nyumba inapanda. Jumamosi ijayo wazee walikuwa wapeleke mbuzi watatu wa ntheo kwa kina Ndunge, wamfanye mke. Bila video, mbuzi wangebaki zizini, na Mbuvi angebaki na kunde zake.

"Si umpigie video call, umwambie ukweli ukimwangalia usoni?"

"Video call hataki. Kila siku network ya huko mbaya." Mbuvi akainua mikono juu. "Na mimi namshukuru Mungu kwa hiyo network."

Wanza akatikisa kichwa, lakini moyoni alijua Mbuvi hajakosea kuhusu kamera. Mkono wa mtu una tabia zake. Unasita mlangoni, unainama kidogo penye ngazi, unapumua. Kompyuta ilijua kutetemeka tu.

"Niko na mwendo mmoja wa ukweli," akasema mwisho.

Alikuwa ameurekodi mwenyewe, akitembea na simu mkononi kwenye korido ya ploti yao hapa Gatina. Simu ilishika kila mpindo wa mkono wake, kisha akaipa kamera ya ndani ya kompyuta mwendo ule, iufuate hatua kwa hatua. Alikuwa ameutumia mara moja tu, mwezi uliopita, kwa mteja wa Kibera aliyeagiza sebule yenye viti vya kijani. Waliandikiana tu, hawakuonana. Wanza alidhani ni mtu wa kuuza fanicha.

Akauweka. Nyumba ya Mbuvi ikapata mgeni. Kamera ilikaribia mlango, ikasita kama mtu anayechungulia kama jirani anamwona, ikaingia. Lakini kila hatua ya nne ilizama kushoto, halafu ikaruka juu kidogo.

"Hiyo ni nini?"

"Ni huyu." Wanza alionyesha kwa kidole gumba mgongoni, alikolala Kathini ndani ya leso. "Nilikuwa nimembeba. Anateleza, namrusha. Anateleza, namrusha. Hiyo siwezi kutoa. Nikiitoa, mwendo wote unakufa."

Mbuvi akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe nyumba yangu ishapata mtoto! Hiyo ni baraka. Tuma, Mama Kathini, tuma kabla niogope!"

Ikaenda. Tiki mbili zikageuka buluu. Mbuvi akaanza kutafuna kucha. Kathini akaamka, akanyonya, akarudi kulala, na Mbuvi bado yuko kwa kidole kile kile.

Wanza naye alianza kusikia vibaya. Akamwaza yule msichana wa watu, mbali na kwao, akitazama mlango usiokuwepo na kuchagua rangi ya mapazia. Maskini, hana hata wa kumfumbua macho.

Simu ikalia. Ujumbe wa sauti.

"Mbuvi! Woi, ni nzuri! Hata kuku! Waambie wazee waje na hao mbuzi."

Mbuvi aliruka, akagonga taa ya dari kwa kichwa, akaketi, akaruka tena. Sauti ilikuwa inaendelea.

"Na mimi nimekutumia yangu, uone penye naishi huku, usije ukasema nilikuficha kitu."

Video ikafunguka. Mapazia yaliyofika sakafuni. Dirisha pana, na maghorofa ya vioo yaking'aa huko nje. Viti vya kijani, vimepangwa vizuri. Kamera iliingia taratibu, ikasita kidogo mlangoni. Hatua moja, mbili, tatu. Ya nne ikazama kushoto, halafu ikaruka juu kidogo.

Mkono wa Wanza ukaenda wenyewe mgongoni, ukamshika Kathini.

"Unaona?" Mbuvi alinong'ona, macho yamelowa. "Unaona vile inatingika? Na yako ni nzuri, sikatai, lakini hiyo kompyuta haiwezi. Huo ni mkono wa Ndunge mwenyewe."