Mlio Mmoja wa Hozza

Tangu mitambo ya simu ianze kuchota jina la mpigaji kwenye mkondo wa intaneti, kila simu inayoingia nyumbani kwetu huonekana kwanza kwenye skrini ya balozi wa nyumba kumi. Nimezipinga serikali tatu maishani, na zote ziliniambia neno lilelile, kwamba ni kwa usalama wetu.

Mwanetu Hozza anatafutwa kwa sababu ya mgomo wa bandari. Kila Ijumaa hutubipu: mlio mmoja, anakata. Maana yake yu hai. Hatupokei, maana tuliamini simu isiyopokewa haipeleki jina kwa balozi.

Juzi balozi Chambo alikuja, akakaa bila kukaribishwa.

"Shemeji, kijana wenu bahili kweli. Zama hizi mtu bado anabipu?" alimwambia mke wangu, Mwanakombo. "Jina husafiri kabla simu haijalia. Hata alipo tunapaona. Mwambieni aache."

"Nitamwambiaje? Nikimpigia si mtaona pia?"

"Tutaona," alisema balozi, akaomba chai.

Akapewa. Tumechoka hata kumnyima mtu chai.

Leo Ijumaa jina la Hozza limetokea kwenye simu. Mwanakombo ameishika kwa mikono miwili, akisubiri ikatike. Imelia mara ya pili, ya tatu, na bado inalia.

"Baba Hozza," ameniambia taratibu, "huyu anayepiga hajui kubipu."